Jina lililokosa katika daftari



Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilitoka ISP na diploma yangu, na kazi yangu ya kila siku ni kusahihisha makosa ya watoto. Leo nawaletea kosa langu mimi mwenyewe. Nililiandika kwa kalamu ya buluu, kwa maandishi mazuri ya mwalimu, karibu miaka miwili, na hakuna aliyeliona. Tulilijua siku lilipokaribia kumtoa jirani yangu nyumbani kwake.

Kwanza niwaeleze tunakoishi, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini daftari lina nguvu kule kwetu.

Zamani tulipanga nyumba ndani ya mji wa Uvira, karibu na mto Mulongwe. Aprili 2020 mto ule ulifurika, ukabeba nyumba na watu. Sisi tulitoka na watoto, godoro moja na sufuria. Kisha Ziwa Tanganyika nalo likaanza kupanda, likaingia katika nyumba za watu wa pembeni, mpaka wengine wakawa wanavua viatu kabla ya kufika mlangoni kwao. Ndipo watu wengi tukaanza kutafuta mahali pa juu kidogo, mbali na mto na mbali na ziwa.

Tulipapata upande wa kaskazini, nje ya mji, pale bonde la Ruzizi linapoishia na milima ya Mitumba inapoanza. Lilikuwa shamba la muhogo la familia moja. Mpima ardhi alikuja na kamba na vigingi, akatoa viwanja 38, kila kimoja mita 20 kwa 25. Mwaka 2021 tulinunua kimoja. Tulilipa kwa mara nne. Mara ya kwanza na ya tatu zilitoka katika likelemba yangu na wamama walimu wenzangu. Mara ya pili bwana yangu aliuza mbuzi alizopewa na baba yake. Mara ya nne tuligawana. Kwenye karatasi ya mauzo likaandikwa jina moja, la bwana yangu. Sikuuliza kitu. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na furaha ilikuwa imenijaa.

Kule kuzuri. Asubuhi jua linatokea upande wa Burundi, usiku tunaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Saa kumi na moja jioni jua limekwisha kujificha nyuma ya mlima, na upepo wa baridi unashuka. Lakini mlima una tabia zake. Mvua ikinyesha kule juu nusu saa tu, korongo ambalo asubuhi watoto walichezea mpira linageuka mto wenye mawe. Na viwanja vyetu vimepangwa kama ngazi. Maji ya jirani wa juu yanafika kwangu, na yangu yanafika kwa jirani wa chini. Mtu mmoja akiziba, watu kumi wanalala wamesimama.

Kwa sababu hiyo wenye viwanja tuliunda komite. Ina prezida, mtunza feza, sekretere na washauri wawili. Ina na sheria zake, zilizoandikwa na kusomwa mbele ya watu wote. Kila kiwanja kinaacha mita tatu kwa ajili ya mtaro wa maji, hapajengwi wala hapalimwi. Hakuna kuchimba udongo wa matofali kwenye mteremko. Hakuna kukata miti ya juu kwa ajili ya makala. Mbuzi anafungwa kamba. Kila mwezi kiwanja kinatoa franga 3000 kwa ajili ya mabomba ya maji na mtaro. Kila Jumamosi asubuhi ni salongo, na asiyekuja analipa franga 2000.

Sitawadanganya, mwanzoni niliwachukia. Jiko letu tulikuwa tumelijenga ndani ya zile mita tatu. Komite ilikuja na kamba, ikapima, ikasema libomolewe. Nililia juu ya matofali yale kama nimefiwa. Bwana yangu akawaita "serikali ndogo," akakataa kuwasalimia wiki nzima. Mwezi wa kumi na moja mvua kubwa ya kwanza ilishuka, na maji yenye mawe yakapita pale pale jiko lilipokuwa limesimama. Asubuhi bwana yangu alitoka na kijembe mwenyewe kwenda salongo, bila kuitwa na mtu.

Basi, kwa kuwa mimi ni mwalimu, wakanipa usekretere. Nikanunua madaftari mawili ya kurasa mia mbili.

Daftari la kwanza ni la franga. Ndani yake niliandika nambari ya kiwanja, jina la mwenyewe, mwezi, kiasi. Daftari la pili ni la salongo. Ndani yake niliandika majina ya watu waliokuja kazini kila Jumamosi, kwa sababu faini inamfuata mtu aliyekosa.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika daftari la franga, kila mara nilipopokea franga 3000 niliandika jina la baba wa nyumba. Nani aliyezileta? Mara nyingi mama. Alizitoa katika ukingo wa kikwembe, zimekunjwa mara nne, zinanuka ndagala au mafuta ya mawese, maana zilitoka sokoni asubuhi hiyo. Nilizipokea, nikamshukuru, nikaandika "Baba fulani, amelipa." Hata zangu mwenyewe niliandika kwa jina la bwana yangu. Niliona ndiyo adabu, na ndiyo ilivyo kwenye karatasi za mauzo. Katika viwanja 38, vyenye jina la mwanamke vilikuwa vitatu tu, na wote watatu walikuwa wajane walionunua baada ya kufiwa.

Juu ya kiwanja chetu, mkono wa kushoto, anakaa mama mmoja tunayemwita Mama Mapasa, kwa ajili ya mapacha wake, msichana na mvulana. Bwana yake alikuwa mtu wa moto, alipeleka watu Uvira na Kiliba. Mama Mapasa anauza ndagala na sombe iliyotwangwa. Ni mtu wa maneno machache. Kwenye salongo anashika koleo kama mwanaume, akimaliza anafunga kikwembe vizuri na kwenda sokoni bila kupumzika.

Agosti 2023 bwana yake alianguka na moto barabarani, akafa kabla hajafika hospitalini.

Tulilia naye. Komite ilitoa mifuko miwili ya unga, wamama tulipokezana kupika. Siku ya kuondoa matanga watu wa familia ya marehemu walikaa chini ya mwembe, wakazungumza kwa sauti ya chini mpaka jioni. Wiki tatu baadaye shemeji yake, mdogo wa marehemu, alifika na mtu mwingine aliyevaa koti. Wakaanza kutembea juu ya kiwanja wakihesabu hatua. Mama Mapasa alikuwa ameshika beseni la ndagala. Aliuliza, "Shemeji, mnapima nini?" Akajibiwa kwamba kiwanja ni cha ndugu yake, ndugu yake amekufa, familia imeamua kuuza, na yeye na watoto watapata chumba kule kwa wakwe zake, milimani.

Alikuja kwangu mbio, na bado ameshika lile beseni. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe mwenye daftari. Waonyeshe kwamba mimi ndiye nililipa."

Nilifungua daftari la franga. Nikapitisha kidole chini kwenye ukurasa wa kiwanja chake. Septemba, jina la bwana yake. Oktoba, jina la bwana yake. Novemba, jina la bwana yake. Miezi ishirini na zaidi, maandishi yangu mazuri, na jina lake hakuna hata mara moja. Yeye hakusoma sana, lakini jina lake analijua. Alitazama ukurasa, akanitazama mimi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi mimi sikuwapo."

Wamama, nimekosea mengi katika maisha, lakini neno lile bado linanichoma.

Usiku huo sikulala. Taa ilikuwa ya mshumaa, kwa kuwa betri ya jua ilikuwa imeisha. Nilichukua daftari la pili, la salongo, nikaanza kuhesabu. Humo niliandika majina ya watu waliokuja kwa miguu yao, na jina la Mama Mapasa lilikuwa kila mahali. Jumamosi 84, yeye alikuja 71. Bwana yake alikuja mara sita. Tena kulikuwa na ukurasa wa mawe. Tulipojenga ukuta wa gabioni, yaani nyavu za waya zilizojazwa mawe, kila kiwanja kilitakiwa kuleta vikapu arobaini. Niliandika nani ameleta nini. Vikapu arobaini vya kiwanja chake vyote vilibebwa na yeye, vinne au vitano kwa siku, na mwezi ule alikuwa na homa.

Jumapili baada ya sala, Baba Prezida aliita mkutano. Shefu wa kijiji alikuja, shemeji alikuja na yule mnunuzi wake. Shemeji alitoa karatasi ya mauzo, jina la marehemu peke yake. Akauliza kama kuna mtu mwenye karatasi nyingine. Watu wakanyamaza. Ndipo nilisimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka kuliko siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho kule ISP.

Kwanza nilikiri kosa. Nilisema, "Daftari la franga ni mimi niliyeliandika, na nimeandika majina ya wababa hata pale wamama walipolipa. Nani hapa amewahi kunipa mkononi franga za kiwanja chao?" Mikono ikainuka. Kwa wamama ilikuwa mingi, na wababa watano au sita. Baba Prezida mwenyewe hakuinua, akacheka kwa haya, akasema kweli, kwake anayelipa ni mama watoto.

Kisha nilisoma daftari la salongo, Jumamosi moja baada ya nyingine, na vikapu vya mawe. Sikusoma yote, Shefu alinisimamisha, akasema ametosheka.

Lakini sitaki mfikiri daftari ndilo lililoshinda kesi. Daftari la salongo si hati ya ardhi. Lililomlinda Mama Mapasa ni mambo mawili mengine, na daftari lilitupa moyo wa kuyasema.

La kwanza ni ndoa. Yeye na bwana yake walikuwa wameandikisha ndoa kwa serikali, na mapacha wana vyeti vyao vya kuzaliwa. Mama mmoja wa chama chetu anayejua mambo ya sheria alikuwa ametuandikia kwenye karatasi, nami nikaisoma. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na wanachukua robo tatu ya urithi, msichana sawa na mvulana. Mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wanafuata katika kundi la pili. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake. Na kama mlipooana hamkuchagua njia nyingine ya mali, vile mlivyovipata pamoja ndani ya ndoa ni vya wote wawili, hata kama karatasi ina jina moja. Shemeji alisema hizo ni sheria za Kinshasa. Shefu akamuuliza kama Uvira iko Burundi. Watu wakacheka, na hasira ikapungua kidogo.

La pili ni sahihi. Kwetu, mtu akiuza kiwanja, majirani wa mipaka wanatia sahihi kama mashahidi. Mama Mapasa ana majirani wanne. Mimi na bwana yangu tulisema hatutatia sahihi. Wa juu yake akasema vilevile. Wale wawili wengine walitazamana, mmoja wao ni rafiki wa shemeji tangu utoto, akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Mimi nilimwona akibeba mawe. Siwezi." Yule mtu wa koti alirudisha kalamu mfukoni. Alisema yeye alitafuta kiwanja, hakutafuta kesi. Akaondoka.

Haikuishia vizuri kila upande. Moto ya marehemu ilichukuliwa na familia, na ndiyo iliyoleta chakula kingi. Shemeji hasalimii tena. Siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, hakuna mtu wa upande ule aliyekuja, na mapacha waliuliza kwa nini baba mdogo hakufika. Mama Mapasa aliwajibu kwamba njia ni mbovu. Lakini nyumba ni yake, anafungua mlango asubuhi kwa ufunguo wake, na anaendelea kuja salongo.

Baada ya mkutano ule tulibadilisha sheria moja ya komite. Sasa kila kiwanja kina mistari miwili katika daftari, jina la baba na jina la mama, na ninaandika nani amelipa kwa mkono wake. Kuna wababa walionung'unika. Mmoja alisema tunaleta ugomvi ndani ya nyumba. Mwingine alikuja usiku kuniomba niandike jina la mama watoto wake kimyakimya, asijue. Nilimjibu hapana, mwambie mwenyewe, atafurahi.

Nyumbani kwangu je? Niliogopa kuliko kwenye mkutano. Nilimwambia bwana yangu kwamba nataka, tutakapopeleka karatasi zetu ofisi ya ardhi, tuandikwe wote wawili. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza, "Mwalimu, unanizika?" Nilijibu kwamba namwombea maisha marefu, ila Mama Mapasa naye aliomba vilevile. Hakunijibu siku ile. Miezi mitatu ilipita. Siku moja tulikuwa tunasafisha mtaro, mvua ya jana ilikuwa imeleta mchanga mwingi, akasema bila kuniangalia, "Zile karatasi ziko wapi? Wiki ijayo nina nafasi." Tulienda pamoja.

Kwa nchi yetu udongo ni wa serikali tangu sheria ya 1973. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama juu ya karatasi. Karatasi ya mauzo ni mwanzo tu, njia ni ndefu mpaka kupata hati yenyewe ya ofisi ya ardhi, na inakula franga. Sisi bado tuko njiani. Lakini katika dosie yetu kuna majina mawili.

Nawaachia maombi matatu, wamama. Kama ndoa yenu ni ya kanisa au ya mahari tu, nendeni mkaiandikishe kwa serikali, na muandikishe kila mtoto. Kama mko katika komite ya viwanja, ya maji, au katika likelemba, ulizeni daftari linaandika jina gani mnapotoa franga zenu. Na tangu marekebisho yale ya 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi yake mbele ya sheria. Basi mnunuapo kitu pamoja, tieni sahihi pamoja, siku ile ile, wakati kila mtu bado anacheka.

Ninyi mnaoshika kalamu kama mimi, sekretere wa vikundi, walimu, wasomaji wa kanisa, angalieni mnavyoandika. Mimi nilidhani ninaandika hesabu tu.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kiwanja chetu kuleta chai ya salongo. Mama Mapasa amesema ataleta sombe. Atakayepita barabara ya Kiliba akaribie, koleo zipo.

Mwalimu wenu.